Shuka ya Pamba Tupu

Nasikia siku hizi udongo unapimwa kwa simu. Kijana anasimama katikati ya shamba kule Endebess, viatu vyeupe pe, anaielekeza simu chini kama anayempiga picha bibi harusi, halafu anamwambia mwenye shamba, "Mama, uko sawa, ongeza tu mbolea." Mama anashukuru, kijana anapanda pikipiki, na hakuna aliyeinama. Hongereni sana. Sisi ambao hatukujaliwa werevu wa namna hiyo tulikuwa tunapiga magoti.

Mimi ni Mama Njeri wa Matisi. Wazazi wangu walitoka upande wa Nyeri wakaja Trans-Nzoia kutafuta shamba, nami nikaishia kuyabeba mashamba ya watu kwenye mifuko ya khaki kuyapeleka maabara. Nilipima udongo mpaka nikastaafu, katika kituo kimoja hapa Kitale ambacho sitakitaja, maana wakubwa zangu wa zamani bado tunakutana dukani kwa maziwa na sitaki kununiwa. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii, hasa nyinyi mnaogombana usiku kucha mitandaoni kama GMO, mbegu zilizobadilishwa maabara, inaua udongo au haiui, na udongo wenyewe hamjawahi kuunusa.

Ndiyo, kuunusa. Aliyenifundisha ni Mzee Ndiwa, fundi wetu mkuu, Msabaot wa Endebess aliyekuwa na masikio makubwa na maneno machache. Siku yangu ya kwanza aliniwekea bonge la udongo kiganjani akaniambia nilifinye, nilinuse, nimweleze. Nikasema linanuka udongo. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia benki zinaajiri. Ilinichukua muda kuelewa kwamba udongo wenye uhai hunuka kama mvua ya kwanza, na uliochoka haunuki chochote.

La pili alilonifundisha ni kutomwamini mtu anayeleta udongo wake mwenyewe. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja wa Kiminini aliyetaka majibu mazuri, basi akachota udongo mweusi pembeni ya zizi la ng'ombe, akauleta kwa gari akiwa na tai. Ni kama kumpelekea daktari mkojo wa jirani mwenye afya. Tulimpa majibu aliyoyataka, kwamba shamba lake halihitaji kitu, na mahindi yake msimu huo yalimfika magotini. Alirudi kulalamika akiwa na tai ileile. Wengine walileta udongo ndani ya gunia lililokuwa na mbolea ya dukani, na kwa mujibu wa mashine yetu walikuwa na shamba lenye rutuba kuliko yote barani Afrika. Kwa hiyo andikeni kichwani: mnatembea shamba lote kwa mtindo wa nyoka, mnaruka kichuguu, mnaruka mahali ng'ombe alipolala, mnachanganya kwenye ndoo safi. Najua simu haina ndoo. Azimeni.

Kisha ikaja GMO, na kwa ghafla kila mtu akawa mtaalamu wa udongo. Upande mmoja walikuja vijana wa kofia. Waligawa kofia wakisema mbegu hii itamaliza njaa, viwavi na, kwa jinsi walivyoongea, hata talaka. Upande mwingine wakaja vijana wa fulana. Waligawa fulana wakisema mbegu hii itaua udongo, nyuki na nguvu za wanaume. Hilo la mwisho ndilo lililojaza mkutano. Mkulima wa Trans-Nzoia si mjinga: alichukua kofia, akachukua fulana, akaenda navyo kupalilia.

Lakini swali lenyewe si la kijinga, na mkinisikia nacheka msidhani nalicheka swali. Pamba ya GMO iliyoletwa kwetu imetiwa kitu kutoka kwa bakteria fulani, ili mmea wenyewe utengeneze sumu ya kuua funza wa pamba. Sumu hiyo huvuja kidogo mizizini, na nyingine hubaki kwenye majani na mashina yanapoanguka. Ikifika chini inawafanya nini vijidudu? Hao ndio wanaogeuza samadi na mabua kuwa chakula cha mmea. Kiganja kimoja cha udongo kina wengi kuliko watu wa dunia nzima, na bila wao shamba ni vumbi lenye hati miliki.

Kichekesho ni kwamba bakteria hiyo ni mwenyeji wa udongo tangu zamani. Kuishtaki kwa kupatikana udongoni ni kama kumshtaki Mbukusu kwa kupatikana Bungoma. Hata hivyo hilo lisiwape usingizi. Mwenyeji mmoja ni jirani, wakishushwa kwa malori ni jambo jingine. Ndiyo maana mtu anapima, badala ya kuvaa kofia.

Tulikuwa na mashine ya kupima pumzi ya vijidudu udongoni, ambayo iliharibika kila iliposikia ngurumo. Tukatumia njia ya maskini. Unafukia vipande vya kitambaa cha pamba, ukubwa mmoja, kina kimoja, msimu mmoja, halafu baadaye unafukua. Vijidudu wakiwa wengi na wana njaa, kitambaa kinarudi matambara. Wakiwa wachache, kinarudi kinadai sabuni tu. Hakikuambii ni vijidudu gani waliokula, ila kinakuambia kama kuna mtu nyumbani.

Mara ya kwanza tulijaribu hapa Kitale, kwenye shamba la majaribio la mahindi ya GMO. Tulifukia upande wa GMO na upande wa mahindi ya kawaida. Tulipofukua, vipande vyote vilitoka vizima, vyeupe, ungeweza kufunikia mkate. Ofisi ikawa kama matanga. Mtu wa fulana akasema sumu imevuka ikaua pande zote mbili. Mtu wa kofia akasema ni hujuma. Bosi wetu, daktari wa udongo na mvuta sigara mkubwa, aliizima sigara, akachukua kipande kimoja akakiwashia kiberiti. Kiliyeyuka kikadondosha tone jeusi. Pamba haiyeyuki, huungua ikawa jivu. Ofisi ya ununuzi ilikuwa imetuletea nailoni, na vijidudu wa Kitale, wawe wa GMO au wa kawaida, hawali nailoni.

Tulirudia msimu uliofuata kwa pamba ya kweli, ikaoza pande zote. Tofauti kati ya GMO na mahindi ya kawaida ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya pale maji yalipotuama na pale palipokuwa pakavu. Majibu ya aina hiyo hayampendezi mtu yeyote, hayaandikiki kwenye kofia wala fulana. Mimi nilitoka hapo na wimbo mmoja mdomoni: pamba tupu, pamba tupu.

Wimbo huo ndio ulioniponza Bungoma.

Siku moja alikuja kituoni Mama Nafula, mjane kutoka upande wa chini wa Bungoma, kwenye joto, ambako pamba inakubali. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na hakukaa mpaka alipomaliza kusema. Mumewe Simiyu alikuwa amefariki. Shambani kwake alipanda pamba ya GMO upande wa juu, na pamba ya mbegu ya zamani upande wa chini. Sasa shemeji yake Barasa, mdogo wa marehemu, alikuwa amekwenda kwa wazee kusema kwamba mwanamke huyu anaua udongo wa baba yao kwa GMO, kwa hiyo shamba lirudi kwa ukoo na yeye arudi kwao. Mama Nafula hakuja kuomba tumtetee. Alitaka kujua kama udongo umekufa. Ukiwa umekufa atang'oa pamba kwa mikono yake. Ukiwa hai, waachane naye alime.

Bosi akanituma. Mama Nafula alinipokea kwa uji wa wimbi, akanizungusha shamba lote. Nilipofungua mkoba nikakuta vipande vya kitambaa vilivyobaki havitoshi, Kitale ilikuwa imevimaliza. Nikamuuliza kama ana kitambaa chochote cha pamba, na nikaimba wimbo wangu. Aliingia ndani akakaa huko kidogo, nikisikia masanduku yanafunguliwa. Akatoka na shuka ya buluu iliyopauka kwa kufuliwa. Nilichomoa uzi mmoja nikauwashia kiberiti, ukawa jivu. Nilifurahi sana. Nikaikata shuka vipande, tukafukia juu na chini, tukaweka vijiti vya alama. Sikuuliza shuka imetoka wapi. Nani huuliza?

Pamba ilikuwa imeanza kutoa maua nilipoitwa kwa simu, nikaambiwa nije haraka, kuna baraza. Barasa alikuwa ameviona vijiti. Alipitia nyuma ya nyumba Mama Nafula akiwa kanisani, akachimba, akatoa kipande upande wa GMO. Akakitambua.

Nawaambia nyinyi mnaokwenda mashamba ya watu mmevaa beji shingoni: kufukia kitu kwenye shamba la mtu si jambo dogo. Kufukia nguo ni kubwa zaidi. Kufukia nguo ya marehemu, kwenye shamba linalogombaniwa na nduguze, sidhani kama kuna mtu aliyewahi kulibuni kosa hilo kabla yetu. Na aliyeikata kwa mkasi wa serikali alikuwa mwanamke Mkikuyu kutoka Kitale. Nilipofika nikaona watu wamejaa mpaka barabarani, niliogopa. Niliogopa kwa ajili yangu, kisha nikamwona Mama Nafula amesimama peke yake, hakuna mwanamke aliyesogea karibu naye, na nikaona haya kwa kujiwazia.

Barasa alikiinua kile kitambaa. Kilikuwa nyuzi tu, matundu kila mahali.

"Wazee, hii ni shuka ya kaka yangu. Mimi naijua. Shemeji ameizika kwa shamba ndio sisi tusikanyage. Rakini muone vile hiyo GMO imeikula. Kama imekula shuka, si itakula watu?"

Watu wakaguna. Mimi nilikuwa natazama kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufukua, kikitumiwa kuthibitisha kwamba udongo umekufa. Mzee wa kijiji, Mzee Wanyonyi, mtu mnene aliyependa kufumba macho akisikiliza, alimuuliza Mama Nafula kama ni kweli shuka ilikuwa ya marehemu.

"Ni yake, baba," akasema. "Huyu madam aliniambia pamba tupu. Nikapekua nyumba yote, ni nailoni. Simiyu peke yake ndio alikuwa analala kwa pamba. Na siku mligawana nguo zake, mlichukua makoti, mkachukua suruali, hata mshipi. Shuka mkasema imechakaa, mkaniachia."

Watu wakageuza vichwa. Barasa alikuwa amevaa koti ambalo sikulitilia maanani hapo awali, nalo lilimbana mabegani.

Mzee Wanyonyi alifumbua macho akanitaka nieleze. Nikaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi, bila maneno ya maabara: kitambaa huliwa pale penye uhai. Hakukubali wala hakukataa. Aliamuru vipande vingine vifukuliwe mbele ya wote. Tukafukua juu kwenye GMO, tukafukua chini kwenye pamba ya zamani. Vyote matambara, hata mimi nisingeweza kutofautisha cha juu na cha chini. Mzee akauliza udongo uliokufa unakuwaje. Nikamwambia unarudisha kitambaa kizima. Akageuka taratibu kuutazama upande wa pili wa ua wa mchongoma, kwenye shamba la Barasa, lililokuwa jeusi kwa majivu ya mabua.

Barasa mwenyewe ndiye aliyesema na huko kifukiwe kitambaa. Alisema kwa kiburi kwamba kwake GMO haijawahi kutia mguu, ni udongo wa baba vile alivyouacha. Shida ikawa kitambaa. Lile kundi zima la watu, waliokuwa wamekuja kutetea udongo, hakuna aliyekubali hata leso yake iingie ardhini. Wanaume walikuwa wanashika kola za mashati yao. Mwishowe nilivua koti langu jeupe la maabara, pamba tupu, nikalikata mkia. Barasa akataka pasta wa hapo kijijini aliombee koti kwanza. Pasta aliliombea kwa urefu ambao koti hilo halikustahili, kisha tukafukia.

Habari ilienea kabla sijafika Kitale. Vijana wa kofia wakaja ofisini kutaka matambara ya Mama Nafula wapige nayo picha, kuonyesha kwamba GMO ni salama. Vijana wa fulana nao wakaja kutaka matambara yaleyale, kuonyesha jinsi GMO inavyotafuna. Niliwaambia wote waende wakafukie shuka za kwao. Nanyi nawaambia hivyohivyo. Shamba moja na shuka moja havijibu swali la dunia. Nilichokiona ni kwamba pale, msimu ule, pamba ya GMO haikuwafukuza vijidudu. Mahali pengine, miaka mingine, na dawa zinazopigwa juu yake, pimeni. Atakayewaambia amemaliza kupima, muulizeni kofia amepewa na nani.

Nilirudi Bungoma mvua ndogo zilipoanza. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana maombi ya pasta nayo yalikuwa yamefukiwa humo. Barasa alichimba mwenyewe, kwa jembe lake. Kipande cha koti langu kilitoka kimebadilika rangi tu. Ungekishona mahali pake, ningekwenda nacho kazini.

Sikusherehekea. Nilimwona Barasa amekishika kwa mikono miwili, anakigeuza, anatafuta tundu hata moja. Nilimweleza kwa sauti ya chini kwamba ni mabua anayoyachoma kila mwaka, vijidudu wanalala njaa. Ni ile mbolea ya kupandia, ileile, mwaka baada ya mwaka bila chokaa, mpaka udongo umekuwa mchachu. Ni mahindi juu ya mahindi. Na hili wala si la Barasa peke yake. Nusu ya Trans-Nzoia inaulizana kuhusu GMO huku imeshika kiberiti cha kuchomea mabua.

Mzee mmoja akacheka, akasema kwamba kwa sheria ya Barasa mwenyewe, anayeua udongo wa baba arudi kwao, sasa huyu atarudi wapi? Watu wakacheka sana. Barasa hakuinua macho. Mzee Wanyonyi akanyamazisha watu, akasema hakuna atakayehama, shamba la Simiyu ni la mjane wa Simiyu na watoto wake, jambo hilo lisirudi tena kwake. Kisha akamwambia Mama Nafula kwamba ametukanwa mbele ya watu, na akitaka faini aseme mbele ya watu.

Mama Nafula akasema mbele ya watu.

"Sitaki faini. Shamba lake linaumwa. Aje kesho na mkokoteni achukue mbolea ya ng'ombe kwangu, iko mingi. Rakini asipitie nyuma. Apitie kwa mlango."

Nililala kwake siku hiyo. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai nje niliposikia magurudumu ya mkokoteni yanakuja barabarani. Yalifika langoni yakasimama. Lango lilikuwa wazi, na Barasa alizaliwa ndani ya boma hilo. Alisimama nje ameshika mkokoteni, bila koti, akakohoa kidogo, akapiga hodi. Mama Nafula alimalizia chai yake yote kwanza. Kisha akasema karibu.